Je, Aliyeponywa Anaruhusiwa Kulia?

Katika sharika zetu ipo nafasi ya shukrani. Mtu aliyetoka hospitali akiwa mzima husimama mbele, hueleza kwa maneno machache jinsi Mungu alivyomtendea, hutoa sadaka yake, na waumini humwitikia kwa furaha. Ni desturi njema. Lakini sisi wanawake tuliotolewa kizazi na ovari kabla ya umri wa kukoma hedhi tunajua kwamba shukrani hiyo ina sehemu ambayo haitamkwi. Tunasema kwamba damu iliyokuwa ikitutoka kwa miezi imekoma, au kwamba uvimbe umeondolewa, au kwamba saratani imewahiwa. Hatusemi kwamba usiku tunaamka nguo zimelowa jasho, kwamba tunalia bila sababu tunayoweza kuitaja, na kwamba tukiwa na miaka 36 mwili umeingia katika hali ambayo mama zetu waliingia wakikaribia 50.

Kwa hiyo swali tunaloliweka hapa si la kitabibu tu. Ni swali la imani. Je, mtu aliyeokolewa na kifo anaruhusiwa kuomboleza kile alichopoteza katika kuokolewa kwake? Au machozi yake ni kukosa shukrani?

Tuanze na mwili wenyewe, maana mengi yanayosemwa vibaya hutokana na kutoujua. Kuondolewa mji wa mimba peke yake humaliza hedhi na uwezo wa kubeba mimba. Ikiwa ovari zimeachwa, kwa kawaida huendelea kutoa homoni, ingawa kwa baadhi ya wanawake huchoka miaka kadhaa mapema. Zikiondolewa ovari zote mbili, mambo ni mengine. Ukomo wa hedhi wa kawaida huja polepole, kwa miaka, na wanawake wengi huufikia karibu na umri wa miaka 50. Huu wa upasuaji huja kwa siku chache. Homoni ya estrojeni hushuka ghafla, na mwili ambao haukuandaliwa huanza kulalamika: moto unapanda kifuani hadi usoni, jasho linatoka, usingizi unakatika, moyo unakwenda mbio, huzuni na hasira vinakuja bila kubisha hodi, na ukavu unafanya tendo la ndoa liwe maumivu. Yapo pia yanayokuja kimya. Mifupa hupoteza uimara mapema kuliko kawaida, na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka kadiri miaka inavyokwenda.

Hakuna kati yetu aliyeyatafuta haya. Wengine walikuwa na saratani, na daktari akaona kwamba kuacha kitu chochote nyuma ni kuiachia njia irudi. Wengine waliugua uvimbe na maambukizi yaliyokuwa yameharibu viungo vyote vya uzazi. Wapo pia dada zetu ambao damu ilikataa kukoma wakati wa kujifungua, ikabidi kizazi kitolewe ili uhai ubaki. Hao mara nyingi huachiwa ovari zao, na mwili wao haupati mshtuko kama wetu, lakini nao wanajua maana ya kuamka wodini na kuambiwa kwamba mlango umefungwa. Wote tumeokolewa. Hilo hatulipingi hata kidogo.

Tukirudi nyumbani, wapendwa hufika na uji, na supu, na maombi. Kisha huja maneno. “Mshukuru Mungu, uko hai.” “Si una watoto wako tayari?” Kwa asiye na mtoto, “Mungu ana makusudi yake.” Na kwa kijana anayelalamikia joto, “Hayo mambo ya mabibi, wewe bado.” Hatuwalaumu wanaosema hivyo. Wengi wao ndio waliotufulia nguo na kutulelea watoto tulipokuwa tumelazwa. Tena maneno yao mengi si ya uongo. Shida yake ni kwamba hufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayekaa kando ya kitanda hicho afadhali aulize kwanza usiku ulikuwaje.

Hata hivyo, nyuma ya maneno hayo kuna hoja, nayo inastahili kujibiwa. Hoja ni hii: Waisraeli waliotolewa utumwani walilalamika jangwani, na manung'uniko yao yalimchukiza Mungu. Je, sisi tuliotolewa katika ugonjwa tukianza kulia, hatufanyi yaleyale?

Tumelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na tunaona tofauti moja kubwa. Watu wale wa jangwani walitamani kurudi Misri. Walikumbuka samaki na matango na kusahau mijeledi. Manung'uniko yao yaliukana wokovu wenyewe. Sisi hatutamani kurudi kwenye damu ile wala kwenye saratani ile. Tukiulizwa leo, tungekubali kisu kilekile. Tunachofanya ni kusema gharama yake ilikuwa nini. Kuukana wokovu ni jambo moja, na kusema wokovu uligharimu nini ni jambo jingine. Kitabu cha Zaburi kimejaa watu wa aina hii ya pili, watu wanaomlilia Mungu na kumsifu katika ombi lilelile, bila kuombwa wachague moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, tunayemsoma katika Marko 5. Wengi wetu tulimpenda tangu tulipokuwa tukihesabu taulo na kuogopa kukaa kwenye viti vya watu. Lakini sehemu inayotugusa sasa ni ile inayofuata uponyaji. Alipogusa vazi, damu ilikoma mara moja, naye akajua mwilini mwake kwamba amepona. Kwa kipimo chetu cha kawaida, habari ilikuwa imekwisha. Na kulikuwa na haraka: Yairo alikuwa akingoja, bintiye wa miaka 12 yuko katika kufa. Bado Yesu alisimama. Aliuliza nani amemgusa, akangoja, na mwanamke yule akaja akitetemeka, akamweleza kila kitu: miaka, fedha zilizokwisha, waganga waliomtesa. Ndipo akamwita binti na kumwambia aende kwa amani.

Tunaona hapa kwamba Bwana hakuridhika na mwili uliopona peke yake. Alitaka pia kusikia habari nzima kutoka kinywani mwa aliyeponywa, na aliutafutia usikivu huo muda ambao haukuwepo. Basi mtu anayesema kwamba aliyeponywa hana tena la kueleza, anakata habari hii katikati.

Lakini kusikia kunahitaji pia kutofautisha. Kuna wakati usingizi uliokatika, hasira za ghafla na moyo kwenda mbio vimeitwa pepo, na mwanamke akawekewa mikono akemewe kitu ambacho hakipo. Tunamkumbuka kuhani Eli. Alimwona Hana akitikisa midomo pasipo sauti, akadhani amelewa. Eli alikuwa mtumishi wa kweli. Aliona dalili sawasawa, akakosea maana yake. Uzuri wake ni kwamba Hana alipojieleza, alisikiliza, akabadili neno lake, akambariki. Tunawaomba wachungaji wetu na wazee wetu wawe na wepesi huohuo. Mwili uliopungukiwa homoni uombewe, ndiyo, kwa upole, na uelekezwe pia kliniki.

Hapa linazuka swali jingine la dhamiri: je, kutumia dawa za homoni ni kukosa imani, au ni kushindana na mapenzi ya Mungu? Tunajibu kwamba hapana. Aliyeondolewa ovari akiwa kijana hatafuti ujana wa milele. Anarudishiwa kitu ambacho mwili wake ungekuwa bado unakitengeneza. Ndiyo maana madaktari wengi hupendekeza tiba hiyo kwa mwanamke kama huyo hadi afikie umri wa kawaida wa kukoma hedhi, isipokuwa ana sababu ya kuizuia, kama vile historia ya saratani ya matiti. Aliyeondolewa kizazi kwa kawaida huhitaji estrojeni peke yake, na ipo ya vidonge, ya kubandika na ya kupaka. Ukavu nao una dawa zake. Kwa asiyeweza kutumia homoni, zipo dawa nyingine za kupunguza joto. Kutembea kwa miguu, kubeba vitu vyenye uzito wa kiasi, kula maziwa na dagaa, kuacha sigara, vyote hivi husaidia mifupa na moyo. Paulo alimtaja Luka kuwa tabibu mpendwa. Hakumwambia aache utabibu wake ndipo apendwe.

Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji, tunamsihi aulize kabla: ovari zangu zitabaki au zitatolewa, na kwa nini? Zikitolewa, nitasaidiwaje baadaye? Kuuliza si kumvunjia daktari heshima. Wengi wetu tulitia sahihi karatasi tukiwa na maumivu, na neno “kizazi” likabeba mambo mawili ambayo hatukujua ni mawili.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni jina. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Ni Mama Neema, Mama Baraka. Jina lake la ubatizo hulisikia kanisani na benki tu. Ni heshima tamu, lakini ina makali yake kwa ambaye hatazaa, au ambaye alitaka kuzaa tena. Anahisi kana kwamba kilichotupwa kule chumba cha upasuaji ni cheo chake cha kuwa mwanamke, na pengine nafasi yake katika ndoa.

Maandiko yanaujua uchungu huu. Torati, katika Kumbukumbu 23, ilimzuia mwanamume aliyekatwa viungo vya uzazi asiingie katika mkutano wa Bwana. Kisha nabii Isaya, katika sura ya 56, anatangaza jambo la kushangaza: towashi anayelishika agano asijiite tena mti mkavu, kwa maana Mungu atampa ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko kuwa na wana na mabinti. Na katika Matendo 8, Filipo anakutana na towashi wa Ethiopia akisoma kitabu hichohicho cha Isaya, sura chache tu kabla ya ahadi ile. Towashi anauliza kama kuna kinachomzuia kubatizwa. Wanashuka majini. Hakikuwepo cha kumzuia.

Matowashi hao walikuwa wanaume, lakini ahadi waliyopewa inatufikia. Mwili uliokatwa haumpunguzi mtu mbele za Mungu. Uanamke wetu haukuwa umehifadhiwa katika kiungo kimoja, kama fedha katika kibubu, hata kibubu kikivunjwa tuwe maskini. Wala ndoa ya Kikristo haikufungwa na kizazi. Ilifungwa na mtu, kwa ahadi iliyotaja afya na ugonjwa. Mume anayejua kwamba mkewe anaumia, akasubiri, akaenda naye kwa daktari, akajifunza upya kumshika mkono bila haraka, huyo anaitimiza ahadi yake kuliko siku aliyoitamka.

Tunarudi kwenye swali letu, na jibu tunalipata kwa Yakobo, katika Mwanzo 32. Alishindana usiku kucha, akabarikiwa, akapewa jina jipya, naye akakiri kwamba amemwona Mungu na nafsi yake imeokoka. Jua likamzukia akivuka Penieli, huku akichechemea. Baraka ilikuwa ya kweli na kuchechemea kulikuwa kwa kweli, asubuhi ileile, katika mwili uleule. Hakuna aliyemwambia anyooshe mwendo ili ionekane amebarikiwa.

Na sura hiyo inamalizika na jambo tunalolipita upesi tunaposoma: wana wa Israeli waliacha kula mshipa wa paja, kwa sababu Yakobo aliguswa mahali hapo. Taifa zima lilibadili chakula chake kwa kukumbuka paja la mtu mmoja. Hilo ndilo tunaloliomba kwa kanisa, nalo si kubwa kama lile. Wageni wa uji huisha baada ya wiki mbili au tatu; joto na huzuni hukaa miezi, hata miaka. Basi jumuiya ikumbuke kurudi mwezi wa tatu, na wa sita. Kiti cha karibu na dirisha kiachwe kwa anayekihitaji, na akitoka nje katikati ya mahubiri asitazamwe. Semina za wanawake zimwalike muuguzi au daktari azungumze waziwazi, na wanaume wawepo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini mgonjwa hawezi kuacha kuficha mpaka apate wa kumsikiliza.

Mungu aliyetuacha hai atupe na watu wa kuchechemea nao.