Amri ya Tano na Jiwe la Shinkolobwe

Mwalimu wa dini afundisha wakatekumeni kwamba dhambi ya mauti ina mambo matatu: tendo lenyewe ni ovu sana, mtu ajua kuwa ni ovu, naye alikubali kwa moyo wake. Wakatekumeni hukariri maneno hayo upesi. Lakini hutokea mmoja wao akauliza: «Na yule aliyemnolea muuaji panga pasipo kujua, je, naye ni muuaji?» Swali hilo si la kupuuzwa. Habari za jiwe moja lililotoka katika nchi ya Kongo zaweza kusaidia kulijibu.

Karibu na mji wa Likasi, katika Katanga, pana mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915 yalionekana huko mawe mazito yasiyo ya kawaida. Tangu mwaka 1921 kampuni ya Union Minière iliyachimba ili kupata radiamu, ambayo waganga wa Ulaya waliitumia kwa kutibu ugonjwa wa kansa. Ndani ya mawe hayo mlikuwa pia na urani, nayo wakati ule haikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1940, vita vilipokuwa vikiwaka Ulaya, mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zipelekwe New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua.

Watu wa Katanga ndio waliochimba. Waliyatoa mawe ardhini kwa nguvu za mikono yao, wakapata mshahara wao, wakarudi kwa wake zao na watoto wao. Hawakuambiwa jiwe lakwenda wapi wala litafanya kazi gani, kwa maana jambo lile lilikuwa siri kubwa ya vita.

Katika jimbo la Tennessee, huko Marekani, ulijengwa mji wa siri uitwao Oak Ridge. Humo, katika kiwanda kiitwacho Y-12, urani ilichambuliwa kama vile mwanamke apepetavyo mtama katika ungo, hata ikabaki ile tu iliyofaa kwa bomu. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa juu ya Hiroshima, mji wa Japani. Hata mwisho wa mwaka ule watu kadiri ya 140,000 walikuwa wamekufa, wazee na wagonjwa, mama na watoto wachanga pamoja na askari. Siku 3 baadaye bomu la pili, la namna nyingine, lilipasuka juu ya Nagasaki, si mbali na kanisa kubwa la Urakami. Waamini walikuwa wakijitayarisha kwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na ndani ya kanisa watu walikuwa wakiungama. Wote waliokuwamo walikufa.

Je, mchimbaji wa Shinkolobwe alivunja Amri ya Tano? La. Hakujua, wala hakuweza kujua. Mungu ni Baba mwenye haki, hamdai mtu deni asilolijua. Lakini jiwe lile lilipokuwa likipita mkono kwa mkono, ujuzi nao ulizidi. Aliyechimba hakujua neno. Aliyeuza alijua kidogo. Aliyetengeneza alijua mengi. Aliyetoa amri ya kuangusha alijua zaidi. Na tangu siku ile ya Agosti 1945 ulimwengu wote wajua. Leo nchi 9 zina mabomu ya atomiki, nayo yapata 12,000 kwa jumla. Hakuna mkubwa wala mdogo katika nchi hizo awezaye kujificha nyuma ya neno lile la mchimbaji: «Sikujua.»

Basi, ajuaye afanye nini?

Huko Marekani alikuwako mtawa mmoja, Sista Megan Rice, wa shirika la Mtoto Mtakatifu Yesu. Alizaliwa mwaka 1930. Kwa muda wa miaka kama 40 alifundisha shule katika Afrika, kule Nigeria na Ghana. Alipokuwa mzee alirudi kwao. Usiku wa tarehe 28 Julai 2012, akiwa na umri wa miaka 82, aliingia Oak Ridge pamoja na wanaume wawili wakristu, Michael Walli na Greg Boertje-Obed. Walipita mwituni gizani, wakakata nyua kwa makasi ya kukatia chuma, wakafika mbele ya nyumba ambamo urani ya mabomu yawekwa akiba, katika kiwanda kile kile cha Y-12. Hawakuchukua bunduki. Walichukua nyundo, mishumaa, mkate, na chupa za damu ya mwanadamu. Waliimwaga damu ukutani, wakaandika maneno ya amani, wakaupiga ukuta kwa nyundo, kwa kumkumbuka nabii Isaya, aliyetabiri siku ambayo mataifa yatafua panga zao kuwa majembe. Kisha hawakukimbia. Askari alipokuja, walimsalimu, wakaimba, wakamkaribisha mkate.

Hawakuwa wa kwanza. Tarehe 9 Septemba 1980 watu 8, na kati yao Padri Daniel Berrigan na ndugu yake Philip, waliingia katika kiwanda kimoja cha Pennsylvania wakapiga kwa nyundo vichwa vya makombora. Tangu siku ile wenye kufanya hivyo katika nchi mbalimbali huitwa watu wa Majembe.

Wakristu wengi walisikia habari hizo wakashangaa. Shaka zao zastahili kujibiwa moja moja.

Shaka ya kwanza. Wengine husema: «Silaha hizi zalinda amani. Kila mtu amwogopa mwenziwe, kwa hiyo hakuna apiganaye.» Msomaji na afikiri jirani wawili wenye nyumba za majani. Kila mmoja ameweka mwenge unaowaka karibu na paa la mwenziwe, huku akisema: «Ukinigusa, nitawachoma watoto wako wakiwa wamelala.» Miaka yapita, hakuna nyumba iliyoungua. Je, hiyo ndiyo amani? Zaidi ya hayo, tisho halina nguvu kama mwenye kutisha hayuko tayari kulitimiza. Kwa hiyo ni lazima amfundishe mwanawe kuchoma, na usiku kucha mwana huyo akeshe na mwenge mkononi. Ndivyo ilivyo kwa askari wakaao katika merikebu ziendazo chini ya maji pamoja na makombora yao: kila siku hujitayarisha kutii amri ambayo heri isitolewe kamwe. Na Bwana wetu alifundisha kwamba uovu huanza moyoni kabla haujafika mkononi.

Mwaka 1982 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alisema kwamba kutishana huko kwaweza kuvumiliwa bado, iwapo ni hatua ya njiani kuelekea kuziondoa silaha zenyewe. Miaka ikapita, na safari haikufika. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alisimama Hiroshima akatamka kwamba kuzitumia silaha za atomiki ni uovu, na kuwa nazo pia ni uovu.

Shaka ya pili. Wengine husema: «Tusitengeneze mikuki, bali ngao. Ngao haiui mtu.» Maana yake ni makombora ya kuzuia makombora. Mwaka 1972 Marekani na Urusi ya Soviet zilipatana kuwa na ngao chache tu za namna hiyo. Mwaka 1983 Rais Reagan alitaka ngao ya kuifunika nchi yake yote, na mwaka 2002 Marekani ikajitoa katika mapatano yale. Ngao peke yake si ovu. Lakini mtu akishika ngao kwa mkono wa kushoto, naye hajautua mkuki wa mkono wa kuume, jirani yake ataonaje? Ataona kwamba sasa huyu aweza kurusha pasipo kuogopa kurushiwa. Usiku ule ule atafua mikuki zaidi.

Watu wa kijiji kimoja waliliona jambo hilo. Marekani ilitaka kujenga katika nchi ya Cheki mtambo wa kuonea makombora kwa mbali, karibu na Trokavec, kijiji chenye watu kama 100. Mwezi wa Machi 1907 haukuwa na mashaka hayo. Lakini mwezi wa Machi 2007 wanakijiji walipiga kura: 71 walikataa, mmoja akakubali. Wengi wa nchi ile walisema kama wao, hata wengine wakafunga chakula. Mwaka 2009 mpango ule uliachwa, ingawa ngao nyingine zilijengwa baadaye katika nchi nyingine za Ulaya. Kijiji kidogo hakikushinda mambo yote. Lakini kilipoulizwa, kilijibu.

Shaka ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wengine husema: «Mkristu hutii serikali. Sista alikata ua wa serikali.» Ni kweli, amri za wakubwa zastahili heshima, na mkristu asizivunje kwa kiburi wala kwa faida yake. Wala Eklezya haimwagizi kila mkristu kukata nyua. Wako watu wema wachukiao bomu kama Sista, nao huona kwamba njia yake haikuwa njema. Tena yafaa kusema ukweli wote: askari yule aliyewakuta kwanza, asiyewatenda ubaya, alifukuzwa kazi. Hata tendo la amani laweza kumtwika mzigo mtu asiyeuomba, na mwenye kulitenda hana budi kuukumbuka mzigo huo mbele ya Mungu.

Lakini tofauti na mwivi iko wazi. Mwivi hukata ua ili achukue, kisha hukimbia. Hawa walikata ua ili waonyeshe kilichofichwa, kisha wakangoja kukamatwa. Mwezi wa Februari 2014 Sista alihukumiwa kifungo cha miezi 35, na wenzake miezi 62 kila mmoja. Sista hakuomba huruma. Alisema mahakamani kwamba anajuta neno moja tu: kwamba alingoja miaka 70. Mwezi wa Mei 2015 mahakama ya juu iliiondoa ile hatia kubwa ya kuhujumu ulinzi wa nchi, nao wakafunguliwa. Sista alifariki mwezi wa Oktoba 2021, mwenye miaka 91.

Majuto yale yafaa kukumbukwa. Sista hakuwa amechimba, wala hakuwa ametengeneza, wala hakuwa ameangusha. Alikuwa mwalimu wa shule. Hata hivyo aliona kwamba kujua na kunyamaza ni deni, na kwamba deni hilo lilikua mwaka kwa mwaka.

Na nchi iliyolitoa jiwe? Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku kuchimba Shinkolobwe. Mwaka 2017 mataifa mengi yaliandika mapatano ya kukataza kabisa silaha za atomiki. Kongo ilitia sahihi mwaka ule ule, na mwaka 2022 ikayathibitisha. Babu zao walichimba pasipo kujua. Wajukuu walisema neno lao kwa kujua.

Mkatekumeni wa kijijini hana bomu, wala hataitwa kupiga kura juu ya makombora. Lakini ajua mambo mengine. Ajua ni nani aliyeficha silaha akingoja siku ya kisasi. Ajua ni neno gani la matusi juu ya kabila la jirani lililorudiwa jana penye pombe, watu wakacheka. Ajua ni nani aulizaye njia ya kwenda kwa adui yake, na kwa sababu gani. Kabla ya kubatizwa ataulizwa kama amkataa Shetani na matendo yake yote. Jibu lake litakuwa la kweli kama ameanza kulijibu nyumbani kwake.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Kwa nini mchimbaji wa Shinkolobwe hakutenda dhambi?

2. Je, yatosha kusema: «Natisha tu, sitaua»? Toa sababu.

3. Ngao yawezaje kuzidisha mikuki?

4. Sista Megan Rice alijuta nini? Na wewe, ni jambo gani ulijualo, nawe wanyamaza?