Mzigo Usiomo Kisandukuni

Burudani ya kuunda mifano midogo ya ndege za zamani haina doa kwa mtazamo wa nje. Kisandukuni mna vipande vya plastiki, karatasi ya maelekezo na, aghalabu, rubani wa kuketishwa mahali pake. Kipimo kilichozoeleka ni 1 kwa 72: inchi 1 ya mfano husimama badala ya futi 6 za chombo chenyewe, na mtu mzima hupungua akawa pingili ya kidole. Watoto wa Magomeni huunda za kwao kwa maboksi na waya, bila ya kipimo chochote. Swali linalotukabili ni hili: je, chombo cha vita kikipunguzwa hadi kuwa pambo la rafu, dhima yake nayo hupungua?

Jibu huonekana jepesi tukichagua ndege isiyo na kisa. Uholanzi haikupigana katika vita vya 1914 hadi 1918, na Spyker V.2, ndege ya jeshi lake ya kufunzia marubani, leo yajulikana na wachache. Aiundaye hana maiti wa kumkumbuka. Lakini ziko ndege za zama hizohizo zilizoruka juu ya mikoko yetu, na hizo hazina wepesi huo.

Mwaka 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege za kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Mwezi Juni zililetwa Caudron na Henri Farman, vyombo vya mbao, kitambaa na nyaya. Tarehe 11 Julai, Cull na Arnold waliielekeza mizinga ya upande wao kutoka angani. Ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, waliendelea kutuma ishara, hata ikaanguka mtoni, nao wakaokolewa. Königsberg ikaangamia. Huo ni ushujaa, na anayeuunda upya kwa gundi na subira hasemi uongo.

Walakini kisa hakikuishia mtoni. Wajerumani waliiopoa mizinga 10 ya manowari ile, ikakokotwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam, kisha ikatumika katika vita vya nchi kavu. Kila jeshi liliishi kwa migongo ya wapagazi. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao 100,000, wengi kwa maradhi na lishe duni. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakifanya Kariakoo, na mahali palipokuwa kambi yao baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916 ndipo leo palipo soko. Hata Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, yawataja wapagazi katika maandishi yake; aliyesimama juu, na bunduki mkononi, ni askari.

Atasema mtu: mchezo ni mchezo, usiutwishe historia nzima. Ana haki kwa ndege ya boksi, kwani haiahidi kitu ila kuruka katika mawazo ya mtoto. Kisanduku cha dukani huuzwa kwa sifa ya usahihi: idadi ya nyaya, rangi ya bawa, nambari ubavuni. Aahidiye usahihi hudaiwa usahihi. Wahenga walisema mzigo wa mwenziyo ni kanda la usufi. Humu kisandukuni hata kanda hilo halimo.

Basi na tuwapime wapagazi kwa kipimo kilekile, inchi 1 kwa kila mtu. Laki moja hao wakilazwa, kichwa kwa nyayo, mstari wao utafika takriban kilomita mbili na nusu: utoke Magomeni, uvuke bonde la Jangwani, uingie Kariakoo. Kuwafanya watu wadogo si dhambi. Lawama ni kuwapunguza wengine wasisalie hata kwa inchi hiyo moja. Anayemuundia mwanawe ndege ya Rufiji, na aiunde kwa uzuri wote awezao. Gundi ikingoja kukauka, amweleze ni nani waliobeba.