Taklidi na Burhani katika Vipeo

Je, mtu aliyepokea kweli kwa kauli ya mwalimu wake, asiijue hoja yake, aweza kuhesabiwa kuwa anaijua kweli hiyo? Wanazuoni wa tauhidi wamelijadili swali hili karne nyingi, na Imamu Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakali juu ya imani ya taklidi, yaani ya kufuata kauli ya mwingine bila hoja; nami naliona likizuka upya katika somo la aljebra, na kwa uzito wa pekee huko Chukwani, kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako tangu mwaka 1998 chuo ambacho sasa chaitwa kwa jina la marehemu Abdulrahman Al-Sumait, tabibu wa Kuwait, kimekuwa kikilea walimu wa skuli.

Mwanafunzi huambiwa kwamba azidishapo x³ kwa x⁴ ajumlishe vipeo, apate x⁷. Akiishika kauli hiyo kama amri tupu, siku itakapomponyoka ataandika x¹², kwani ishara ya kuzidisha i mbele ya macho yake, wala hana ndani ya nafsi yake cha kumrudisha. Bali aliyeonyeshwa kwamba x³ ni x tatu zilizozidishwa pamoja, na x⁴ ni x nne, huzihesabu akakuta saba, na tangu hapo hana haja ya kuambiwa. Kwa burhani hiyo hiyo hujua kwamba 2x³ mara 5x⁴ ni 10x⁷, maana mbili na tano ni namba zenyewe, nazo huzidishana, ilhali kipeo ni idadi tu ya x zilizohudhuria. Ujuzi wa namna hiyo hautikisiki: Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha al-Munqidh, asema kwamba lau mtu angedai tatu ni zaidi ya kumi, akaigeuza fimbo kuwa nyoka ili asadikiwe, yeye Ghazali angeustaajabia uwezo wa mtu huyo, asiingiwe na shaka katika alijualo.

Lakini x⁰ je? Hapa kuhesabu hukoma, na aghalabu ya wanafunzi hujibu sifuri. Walakini, maadamu kanuni yadumu, x³ mara x⁰ haina budi kuwa x³, na ikiwa x si sifuri, hakuna kiwezacho kuizidisha x³ kikaiacha kama ilivyo illa moja. Al-Samaw'al wa Baghdad, katika karne ya 12, alivipanga vipeo katika jedwali, moja ikiwa katikati, mahali pa x⁰, vyenye kupanda upande huu na vyenye kushuka upande ule. Mwanafunzi akubaliye hivi kwamba x⁰ ni moja si shahidi wa macho, wala si mfuasi wa taklidi: ameiona kanuni ikisimama pale anapopaona, akaitaka isimame na pale asipopaona. Atakayesema kwamba hapo tumeamua, wala hatukugundua, nakubaliana naye. Ila uamuzi ambao kanuni imeuachia njia moja tu siwezi kuuita hawaa. Kwa hiyo ningependa mwalimu amwache kwanza mwanafunzi azihesabu x zake hata azoee, kisha, kabla ya kumtajia x⁰, amuulize ni kitu gani kikizidishwa kwa x³ huiacha kuwa x³.