Bei ya Kuaminiwa Tena
Niliwekwa CRB kwa mkopo wa simu wa shilingi 2,000. Nikaulipa, lakini hapa Kenya rekodi hiyo mbaya hukaa miaka 5 hata baada ya kulipa. Benki zikanikataa. Kampuni moja ikanikubali, riba asilimia 15 kwa mwezi: "Lipa vizuri, alama zako zitapanda."

Hoja yao naielewa: aliyeshindwa jana anaweza kushindwa tena. Lakini je, ni haki anayejaribu kuinuka ndiye atozwe zaidi? Mzigo huohuo ndio unaomwangusha.

Nililipa kwa wakati, alama zikapanda. Wakasema sasa naaminika. Kumbe pesa zilikuwa za dada yangu, alinikopesha bila riba. Deni lake halimo kwenye rekodi yoyote, na ndilo pekee linaloninyima usingizi.