Somo la Rusumo si kunyamaza

 

Ndugu zangu Waislamu, kuna hoja moja ambayo tumeisikia mara nyingi katika nchi yetu. Kila wananchi wanapodai katiba mpya, tume huru ya uchaguzi au haki ya kufanya mikutano ya hadhara, huinuka mtu akauliza: "Mnataka tuwe kama Rwanda na Burundi?" Swali hilo likishatoka, mjadala umefungwa. Anayedai haki anaonekana adui wa amani, na anayeinyima anaonekana ndiye mlinzi wake.

Hoja hii inasemwa hata na baadhi ya maimamu wetu, tena juu ya mimbari. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuipima. Na mahali pa kuipimia ni wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa sababu watu wa huko hawakusimuliwa habari za Rwanda na Burundi. Waliziona zikiingia majumbani mwao.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Chini ya daraja lile mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti za waliochinjwa, zikielekea ziwani. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi ya Kitaliano, pakageuka kuwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Misitu ilikatwa kwa kuni. Silaha zilizagaa, na ujambazi ukaenea hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye bunduki katika mapori ya Biharamulo. Wakulima maskini wa Ngara na Biharamulo walilipa gharama ya dhulma ambayo hawakuifanya.

Sasa tuulize: watu wale walikuwa wanakimbia nini? Je, walikimbia kwa sababu kwao kulikuwa na uhuru mwingi mno wa kusema, au kwa sababu kura zilihesabiwa kwa haki kupita kiasi?

Tuanze na Burundi. Juni 1993 Warundi walipiga kura, wakamchagua Melchior Ndadaye, rais wao wa kwanza kupatikana kwa njia ya kidemokrasia. Aliapishwa Julai. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo wanajeshi wakamuua. Hakumaliza hata miezi minne. Mauaji yakafuata, na wakimbizi wakamiminika Kagera na Kigoma. Kilicholeta balaa ile si kura. Ni watu wenye bunduki waliokataa matokeo ya kura.

Rwanda nako Jenerali Habyarimana alitwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1973, akatawala kwa chama kimoja kuanzia 1975. Kitambulisho cha raia kiliandikwa kabila lake, utaratibu ulioachwa na wakoloni wa Kibelgiji. Atasema mtu: mbona vyama vingi viliruhusiwa Rwanda mwaka 1991, na miaka mitatu baadaye yakatokea mauaji ya kimbari? Ni swali la haki. Lakini tutazame ni nani walioandaa mauaji. Ni wale waliokuwa wameshika dola, ambao makubaliano ya Arusha ya Agosti 1993 yaliwataka wagawane madaraka na wenzao, wao wakaona ni heri nchi iteketee. Waliunda makundi ya vijana wenye mapanga na wakaitumia redio kuchochea chuki. Hayo ni matendo ya watu waliozoea kutawala bila kuulizwa.

Mwenye kuisoma Qur'an hashangai. Katika Suratul Qasas, aya ya 4, Allah (s.w.) anatueleza kuwa Firauni alitakabari katika nchi, akawagawa watu wake makundi makundi, akilidhoofisha kundi moja kwa kuwachinja watoto wao wa kiume. Na katika Surat Ghaafir, aya ya 29, tunamsikia akidai kuwa rai yake ndiyo rai pekee inayowafaa watu. Mtawala anayewagawa raia zake na mtawala asiyetaka kusikia rai ya mwingine ni mtu yule yule.

Kinyume cha njia ya Firauni ni shura. Katika sura inayobeba jina hilo, aya ya 38, kuendesha mambo kwa kushauriana kumetajwa baina ya swala na kutoa katika aliyoturuzuku Allah. Tukumbuke pia yaliyotokea Uhud. Mtume (s.a.w.) alikuwa na rai ya kubaki Madina, lakini wengi katika maswahaba, hasa vijana, walitaka kutoka kwenda kupambana nje. Akaifuata rai yao. Waislamu wakapata msiba mkubwa siku ile. Mtawala wa leo angesema: "Mnaona matokeo ya kuwasikiliza watu?" Lakini baada ya msiba huo huo ndipo ilipoteremka aya ya 159 ya Surat Aali Imran, Mtume akiamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Ikiwa yeye anayepata wahyi ameamrishwa hivyo, ni nani leo aliye juu ya kushauriwa?

Ndugu zangu, tusiishie kuwasema majirani. Chato, ambako alizaliwa Rais John Magufuli, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, na aliingia Bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Wengi walimpenda kwa barabara, kwa uchapaji kazi na kwa kuwatisha mafisadi. Mazuri yake tusiyakane, maana Uislamu unatuamrisha uadilifu. Lakini uadilifu huo huo unatulazimisha kusema kuwa katika utawala wake, kuanzia 2016, mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Wengi wetu tulinyamaza. Tulisema: barabara si zinajengwa?

Hilo ndilo kosa letu. Mtu akizoea kubadilisha haki yake kwa barabara, ataikuta siku moja barabara ipo na haki haipo. Oktoba 29, 2025 nchi hii iliingia katika uchaguzi mkuu huku mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, Tundu Lissu, akiwa gerezani kwa shitaka la uhaini, na chama chake kimezuiwa kushiriki. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Watu waliuawa katika maandamano, intaneti ilifungwa, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Nchi iliyokuwa ikiambiwa inyamaze ili isiwe kama majirani, ilizika watoto wake baada ya kunyamaza.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Januari 2001, baada ya uchaguzi uliolalamikiwa Zanzibar, askari waliwapiga risasi waandamanaji Pemba na Unguja. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania iliyokuwa ikiwapokea wakimbizi Ngara ikatoa wakimbizi wake yenyewe. Na kilichowapa Wazanzibari nafuu havikuwa vitisho. Ni mazungumzo, hadi kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoruhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Hata Warundi, ni Arusha hapa hapa tulikowaambia wakae wazungumze, chini ya Mwalimu Nyerere kisha Mandela, wakatia saini Agosti 2000. Tunawahimiza wengine shura, nyumbani kwetu tunaiogopa?

Tufanye nini basi? Kudai haki si kuchoma mali ya mtu wala kumwaga damu. Hayo ni haramu. Lakini kunyamaza mbele ya dhulma nako si amani. Abubakar (r.a.), siku alipokabidhiwa uongozi, aliwataka watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Tuanze misikitini mwetu. Ipo misikiti ambayo kamati zake hazijaitisha uchaguzi kwa miaka, mapato hayasomwi, na muumini anayeuliza huitwa mfitini. Watu waliozoea kuogopa kumuuliza mweka hazina wa msikiti watapata wapi ujasiri wa kumuuliza waziri?

Na imamu anapopanda mimbari kuwatisha watu kwa Rwanda, akumbuke pia kuwa mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha jirani zao wasiouliwa, bila kuuliza kabila. Hawakunyamaza wala hawakufuata amri ya mwenye panga. Hilo ndilo somo linalofaa kuvuka daraja la Rusumo na kufika hadi kwetu.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi wanaokuogopa na wanaotusikiliza, tupe na sisi ndimi za kusema haki kwa hekima. Warehemu waliouawa kwa dhulma, na uijaalie nchi yetu amani iliyojengwa juu ya uadilifu. Aamin.