Kasoro Iliyokuwemo

Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya intaneti, na simu zenye Android 4.1.1 nazo ziliathirika. Kinachonishughulisha hapo ni umri wake: ilikuwa imekaa humo tangu 2012. Aliyenunua simu hiyo mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye kioo, aliinunua na kasoro yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyaona masasisho ya programu kuwa zawadi ya mtengenezaji. Waliosoma fiqhi ya biashara wanaijua khiyari ya kasoro: bidhaa ikibainika kuwa na dosari iliyokuwemo kabla mnunuzi hajaipokea, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha, hata kama muuzaji naye hakujua. Tundu la usalama linalogunduliwa mwaka wa tatu ni dosari ya namna hiyo hiyo. Kuliziba ni kulipa deni.

Umoja wa Ulaya umekaribia kusema hivyo. Tangu tarehe 20 Juni 2025, kanuni yake ya simu na tableti inataka masasisho ya mfumo endeshi yatolewe bure kwa angalau miaka 5 baada ya toleo husika kuacha kuingizwa sokoni. Lakini isome vizuri: mtengenezaji atafanya hivyo iwapo anatoa masasisho. Iwapo! Kwa neno hilo moja, asiyetoa kabisa anaweza kudai kwamba hadaiwi. Ni kama kumwambia mtu alipe deni iwapo ana desturi ya kulipa.

Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, inataka tu mtengenezaji atangaze ni kwa muda gani atatoa masasisho ya usalama. Wapo wanaoona hilo linatosha, na hoja yao ina uzito: simu ya bei ya chini ikibebeshwa miaka mitano ya matengenezo, gharama itamrudia mnunuzi maskini. Embe lenye doa huuzwa rahisi, na aliyeliona akalichukua hana wa kumlaumu. Ila doa hili halionekani na yeyote siku ya kuuziana.

Tena muuzaji mwenyewe hajaondoka. Programu alizozipachika kiwandani zimo, nyingine hazifutiki, mpaka Ulaya ikalazimika kutunga sheria ili kampuni kubwa kabisa ziruhusu zifutwe. Aliyeniuzia nyumba akabaki na ufunguo wa chumba kimoja, ataniambiaje kwamba paa linalovuja halimhusu?

Linalonisumbua bado ni hili: anayedai ni nani? Simu iliyouzwa Ulaya inaweza kuishia mikononi mwa mtu wa tatu au wa nne, pengine Kariakoo, ambako huuzwa kama used. Khiyari ya kasoro ni ya wawili waliouziana. Kanuni ya Ulaya inataja simu zote za toleo lile lile, bila kuuliza nani anaishika. Hapo naona wameona mbali kuliko fiqhi niliyoisoma, ingawa lile "iwapo" liko pale pale.