Kulinda Hata Mavuno

Hapa Sepuka kila mkulima ajua kwamba kupanda uwele siko kuuvuna. Wakati wa kulima watu ni wengi shambani, na nyimbo zasikika. Lakini punje zikianza kujaa, ndege huja makundi kwa makundi, na mwenye shamba hukaa juu ya dungu tangu alfajiri hata jua kuchwa, akiwafukuza peke yake. Akichoka siku zile za mwisho, taabu ya miezi mingi imekwenda bure.

Twayakumbuka hayo tusomapo habari za Dema. Katika waraka kwa Filemoni, Paulo amtaja pamoja na Marko na Luka kuwa watenda kazi wenzake. Si mtu wa nje huyu! Lakini katika 2 Timotheo 4 twaona kwamba amemwacha Paulo kifungoni, kwa kuipenda dunia, akaenda zake Thesalonike. Na katika sura iyo hiyo Marko, ambaye zamani aliwaacha wenzake safarini (Matendo 13), anaitwa aje, kwa kuwa afaa kwa utumishi. Neema ilimrudisha.

Majaribu ya uzee si yale ya ujana. Kijana hujaribiwa kwa tamaa. Mzee hujaribiwa kwa woga na uchungu wa moyo. Aliyebatizwa miaka arobaini aweza kumwita mpiga ramli usiku, maradhi yakizidi, naye mchana aliombewa na wazee wa kanisa. (Dawa ya hospitali si ya namna hiyo, mtu na aende bila haya.) Mwingine hufa bila kutaja madeni yake, wala kusema shamba na ng'ombe ni vya nani, na kaburi halijakauka, mjane afukuzwa nyumbani. Isaya alimwambia mfalme Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake (Isaya 38). Kumwambia mgonjwa hivyo si uchuro.

Tena liko jaribu letu sisi walimu na wazee wa kanisa, nalo ni kuachia kazi. Twamkumbuka Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Mwaka 1977, katika mkutano wa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Aliimaliza mwaka 1984, akafa mwaka 1988, baada ya kuugua Parkinson, ugonjwa utetemeshao viungo. Katika miaka ile hakuwa tena na cheo kile. Alikuwa Mkristo mgonjwa, mwenye kuhitaji neema ile ile aihitajiyo mgonjwa yeyote wa Sepuka.

Basi ninyi walimu, mkimzuru mzee asiyeweza tena kufika kanisani, msimsomee upesi upesi na kuondoka. Mwiteni mchungaji ampe Chakula cha Bwana. Mwulizeni kama yuko mtu ambaye hajapatana naye. Kama yuko, na aitwe siku iyo hiyo, hata akiwa akaa mbali.